Kilichobaki Güinope Baada ya Mradi Kufungwa

Mkulima wa Lushoto ukimuuliza yale majani marefu aliyoyapanda kwenye kingo za matuta yanaitwaje, atakujibu bila kufikiri: gwatemala. Huyakata kumlisha ng'ombe wa ndani, na mizizi yake huushika udongo usiteremke bondeni masika yanapopiga. Jina lenyewe linataja kwao. Majani hayo asili yake ni Amerika ya Kati, na leo nataka tulifuate jina hilo hadi kwenye milima ya Guatemala na ya jirani yake Honduras, kwa sababu huko kulitokea jambo ambalo kila mtu aliyeishi karibu na kibao cha mradi anastahili kulijua.

Kibao chenyewe unakijua. Jina la mfadhili juu, jina la shirika chini yake, halafu mwaka wa kuanza na mwaka wa kumaliza. Mwaka wa kumaliza ukifika, gari linaondoka, ofisi inarudishwa kwa mwenye nyumba, na baada ya misimu miwili anayepita hapo anakuta kibao peke yake kikila kutu. Kila andiko la mradi lina sura nzima juu ya uendelevu. Kwa nini basi kazi nyingi hufa siku ile shirika linapofunga mizigo, na chache hazifi?

Miji miwili midogo inaweza kutusaidia kulijibu swali hili: San Martín Jilotepeque, katika jimbo la Chimaltenango nchini Guatemala, na Güinope, katika jimbo la El Paraíso kusini mashariki mwa Honduras. Kuna miji mingi ya namna hiyo iliyopitiwa na mashirika. Hii miwili ina bahati moja ya pekee: watu walirudi kuitazama miaka mingi baada ya mradi kuisha. Mashirika mengi hupima kazi yao wakiwa bado wapo, mlo wa mchana ukiwa umeandaliwa na wanakijiji wamepangwa mstari kuwasubiri wageni. Kurudi miaka mitano au kumi na tano baadaye, bila fedha na bila ahadi, ni jambo lingine kabisa.

Tuanze San Martín. Wakazi wake wengi ni Wakaqchikel, moja ya jamii za Wamaya wa nyanda za juu. Ardhi yao ilikuwa vipande vidogo kwenye miteremko, na ardhi nzuri ya tambarare ilikuwa ya wenye mashamba makubwa. Mwaka 1952 serikali ya Guatemala ilipitisha sheria ya kugawa mashamba makubwa yasiyolimwa, lakini mapinduzi ya mwaka 1954 yaliifuta na ardhi nyingi iliyogawiwa ikarudi ilikotoka. Kwa hiyo familia ya Kikaqchikel ilikuwa inapanda mahindi yake mlimani, kisha inafunga mizigo na kushuka pwani ya Pasifiki kufanya kibarua kwenye kahawa, pamba au miwa, kwa sababu mahindi ya nyumbani hayakufika mwisho wa mwaka. Hayangefika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mavuno katika vijiji vile yalikuwa kama kilo 400 kwa hektari. Kwa hesabu yetu ya ekari, ni gunia moja na nusu hivi. Mtu analima, anapanda, anapalilia mara mbili, anavuna, na ekari nzima inampa gunia moja na nusu.

Mwaka 1972 shirika la World Neighbors, lililoanzishwa Oklahoma nchini Marekani mwaka 1951, lilianza kazi pale kwa msaada wa fedha za Oxfam. Miongoni mwa waliokuwepo ni Mmarekani aitwaye Roland Bunch na mtaalamu wa kilimo wa Guatemala, Marcos Orozco. Walichofundisha ni kidogo mno ukikilinganisha na maandiko ya miradi ya leo. Chimba mitaro inayofuata kontua, yaani inayokata mteremko kwa usawa mmoja, panda majani kwenye ukingo wake, na mbolea ya nitrojeni iwekwe pembeni ya shina la mhindi kwa wakati wake, isirushwe ovyo. Basi.

Hapa nataka tutulie kidogo, kwa sababu uchache huo ulikuwa wa makusudi na ndipo penye kiini cha jambo lote.

Mwenye ekari moja ukimwambia abadilishe shamba zima msimu huu, umemwambia aweke rehani chakula cha watoto wake kwa neno la mgeni. Akikataa, watasema ni mgumu wa kuelewa. Kumbe ana akili timamu: mgeni akikosea hupanda gari akaenda zake, yeye akikosea atalala njaa Februari. Pale San Martín mkulima aliambiwa ajaribu kwenye kipande kidogo tu, hatua chache kwa hatua chache, na sehemu yote iliyobaki ailime kama baba yake alivyolima. Kipande kikigoma, njaa haiingii nyumbani. Kikikubali, hakuna haja ya semina. Vipande viwili vimelala ubavu kwa ubavu, kimoja kina mhindi unaofika kifuani na kingine kina mhindi wa manjano, na mwenye shamba ndiye aliyeipanda yote miwili kwa mkono wake.

Tena, ukifundisha mambo kumi kwa pamoja, utabaki na wale wachache wenye nafasi ya kukaa darasani, wenye vibarua wa kuwafanyia kazi na akiba ya kununulia pembejeo. Maskini kabisa watakuwa wamejiondoa wiki ya pili. Ukifundisha jambo moja au mawili, na yawe ya gharama ndogo, hata mjane mwenye jembe na panga anaweza kulishika na kumfundisha shemeji yake Jumapili.

Jambo lenyewe lazima pia lizae haraka. Makinga maji peke yake huulinda udongo, lakini faida yake huonekana pole pole, na mwenye njaa hana muda wa pole pole. Ndiyo maana mitaro iliunganishwa na mbolea: mbolea ilionyesha tofauti msimu wa kwanza, na mitaro ikazuia mbolea hiyo isioshwe na mvua. Mkulima alivutwa na mahindi, akabaki na udongo.

Na aliyefundisha ni nani? Baada ya misimu michache, wakulima waliofanya vizuri ndio walioanza kufundisha vijiji vya jirani. Walizungumza Kikaqchikel. Walivaa kama wanaowafundisha. Bwana shamba mwenye cheti anaweza kusema kweli tupu na bado wakulima wakaguna wakijua kwamba mshahara wake hauji kutoka kwenye mahindi. Mkulima mwenzao akisema kitu, kesho yake alfajiri wanapita shambani kwake kuhakikisha. Hana pa kujificha. Huko ndiko lilikotoka jina ambalo baadaye lilienea Amerika ya Kati nzima: Campesino a Campesino, yaani mkulima kwa mkulima. Kazi ya mikono pia haikuwa ngeni: Wakaqchikel wana desturi ya kuchubal, kusaidiana kazi kwa zamu, leo kwako na kesho kwangu, jambo ambalo aliyezoea ujima au msaragambo atalielewa bila kufafanuliwa.

Lililokuwa gumu ni suala la vitu vya bure, na tetemeko ndilo lililolifanya lionekane waziwazi.

Tarehe 4 Februari 1976, alfajiri na mapema watu wakiwa wamelala, ardhi ya Guatemala ilitikisika kwa nguvu ya 7.5. Walikufa watu wapatao 23,000. Maafa makubwa zaidi yalikuwa nyanda za juu, na San Martín ulibomoka karibu wote, kwa sababu nyumba zilikuwa za matofali mabichi ya udongo na mapaa mazito ya vigae. Misaada ikaja kwa wingi, na huruma iliyoileta ilikuwa ya kweli. Lakini nyumba ndizo zilizoanguka, mahindi hayakuanguka. Msimu uliotangulia mavuno yalikuwa mazuri, na magunia mengi yalikuwa chini ya vifusi yakisubiri kufukuliwa tu. Mkulima alihitaji kuyauza ili anunue bati na misumari. Alipofika sokoni akakuta chakula kinagawiwa bure na bei ya nafaka yake imeporomoka. Waliokuwa wakifanya kazi na vyama vya ushirika vya wakulima walilalamika waziwazi juu ya jambo hili, na pia juu ya viongozi wa vijiji waliojitolea kwa miaka mingi kuanza kuachwa nyuma na wale waliojua kupanga foleni ya mgao.

World Neighbors na Oxfam walichukua njia nyingine. Mabati hawakuyagawa bure. Waliyauza kwa bei ya ruzuku, na fedha iliyopatikana ikarudi vijijini kama ujira wa watu waliofanya kazi za umma. Mafundi wa kijijini wakafundishwa kujenga nyumba zitakazostahimili tetemeko lijalo. Najua msomaji atashtuka: unamuuziaje bati mtu aliyezika watoto wake juzi? Hata mimi nilishtuka nilipokutana na habari hii mara ya kwanza. Lakini fikiria upande wa huyo mtu. Anayenunua huchagua. Hukataa bati bovu, huhesabu idadi, hulalamika likichelewa. Anayepewa bure hupokea kilichopo na kushukuru, halafu mwaka unaofuata husubiri tena. Wataalamu wa kilimo wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine: matuta yaliyochimbwa kwa malipo ya chakula. Malipo yakikoma, matuta huachwa yabomoke, na mahali pengine watu hungoja yabomoke ili mradi ujao uwalipe kuyachimba upya. Siwalaumu hata kidogo. Waliambiwa kwamba ile ni kazi ya mradi, nao wakaichukulia hivyo.

Kazi ya San Martín ilifungwa mwaka 1979. Miaka miwili baadaye uzoefu wake ulivuka mpaka.

Güinope ni mji mdogo wa milimani, kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, unaojulikana Honduras kwa machungwa yake. Chini yake kuna bonde la Yeguare, na katika bonde hilo kuna Zamorano, chuo mashuhuri cha kilimo kilichoanzishwa mwaka 1942 kwa fedha za kampuni ya ndizi ya United Fruit. Picha hiyo hainitoki akilini. Bondeni kuna maabara, ng'ombe wa maziwa na vijana kutoka nchi nyingi wakisomea kilimo. Juu, kwa umbali unaoweza kuonekana kwa macho, kuna wakulima wanaovuna kilo 600 za mahindi kwa hektari na kuanza kuhamia mji mkuu, Tegucigalpa, kutafuta kibarua. Elimu ilikuwepo karibu. Haikuwa na njia ya kupanda mlima.

Mwaka 1981 World Neighbors ilianza kazi Güinope pamoja na shirika la Kihonduras liitwalo ACORDE na wizara ya maliasili. Mbinu zilifanana na za San Martín, zikapimwa upya kulingana na ardhi ya pale: mitaro ya kontua, kingo za mabingobingo na miwa, samadi ya kuku badala ya kutegemea mbolea ya dukani pekee, na kulima mstari wa kupandia tu, sehemu nyingine iachwe bila kuguswa. Hiyo ya mwisho ilitokana sana na Elías Sánchez, Mhonduras aliyekuwa mwalimu kabla ya kuanzisha shamba la mafunzo la Loma Linda, nje kidogo ya Tegucigalpa. Maelfu ya wakulima walipita pale. Mafundisho yake yalikuwa na msingi mmoja: shamba la kwanza kulimwa ni mtu mwenyewe, kichwa chake, moyo wake na mikono yake, na lile la udongo litafuata. Kwenye mabango ya mikutano maneno kama haya hunyauka haraka. Sánchez aliyasimamisha kwenye mteremko mkali, mgeni akaona kabichi na karoti mahali ambapo mbuzi angeteleza.

Mwaka 1989 kazi ya Güinope ilifungwa. Kwa muda mfupi wa miaka minane, mahindi yalikuwa yamepanda kutoka kilo 600 hadi karibu na 2,400 kwa hektari, yaani kutoka gunia mbili na nusu hadi kama kumi kwa ekari. Kwa mashirika mengi, hadithi ingeishia hapo, na picha ya mkulima anayetabasamu ingewekwa kwenye jalada la ripoti.

Mwaka 1994 Roland Bunch na mwenzake Gabino López walirudi. Walichagua vijiji vinne San Martín, vinne Güinope na vinne Cantarranas, mji mwingine wa Honduras ambako kazi kama hiyo ilifanyika kuanzia mwaka 1987 hadi 1991. Vijiji kumi na viwili, vingine vilivyokuwa vimefanya vizuri na vingine vilivyosuasua. Walitaka kujua ni mbinu zipi zimebaki. Niseme wazi kwamba wapimaji hawa walikuwa sehemu ya kazi waliyokuja kuipima, na msomaji ana haki ya kuliweka hilo moyoni. Lakini walichokiandika hakikuwa cha kuwapendeza wenyewe.

Mbinu nyingi walizozifundisha zilikuwa zimeachwa.

Ukisikia hivyo unasema mradi umekufa. Ila mavuno hayakuwa yameshuka. Kwa jumla yalikuwa yamesimama palepale au yamepanda, na San Martín, miaka kumi na tano baada ya shirika kuondoka, yalikuwa juu kuliko siku lilipoondoka. Ujira wa vibarua ulikuwa umepanda, bei ya ardhi imepanda, na kuna familia zilizokuwa zimehamia vitongoji duni vya Tegucigalpa zilizorudi kulima. Inawezekanaje mbinu ziachwe na mavuno yapande?

Jibu lilikuwa kwenye vipande vidogo vya majaribio. Wakulima waliachana na mbinu fulani kwa sababu bei ya pembejeo ilibadilika, wadudu wapya walikuja, soko la mboga lilifunguka, au walipata kitu bora zaidi. Mahali pa kila kilichoachwa waliweka kingine, na hicho kingine walikijaribu wenyewe. Katika kijiji cha Pacayas, eneo la Güinope, zilihesabiwa mbinu mpya kumi na sita zilizoanza baada ya mradi kufungwa. Mazao manne mapya. Mazao mawili mapya ya kurutubisha udongo. Aina mbili mpya za majani ya kingo. Mabanda ya kuku yaliyotengenezwa kwa mabua ya majani hayohayo ya kingo. Maua yanayopandwa kati ya mboga kufukuza minyoo inayoshambulia mizizi. Mabwawa ya samaki yanayorudishiwa rutuba, vyoo vinavyotoa mboji, mabingobingo ya kushikilia magenge yasibomoke, na vinyunyizio vya maji vya kujitengenezea. Hakuna bwana shamba aliyepeleka orodha hiyo Pacayas.

Miongoni mwa mimea iliyopata kazi mpya kule kuna miwili ambayo ungeitambua. Mmoja ni fiwi. Mwingine, utashangaa, ni ndugu wa upupu. Ni mmea uleule kwa jina la kisayansi, ila wa aina isiyowasha, ambao wakulima wa Honduras huuita maharage ya mbolea. Hupandwa katikati ya mahindi, hutambaa na kufunika ardhi yote, huua magugu kwa kivuli, kisha majani yake huanguka na kuoza hapohapo. Nitrojeni ambayo mkulima angeinunua kwenye mfuko, mmea huu unaivuta kutoka hewani. Pwani ya kaskazini ya Honduras wakulima walikuwa wakiutumia tangu miaka ya 1970, mbegu ikipita kutoka mkono hadi mkono, bila mradi wowote. Pacayas walienda mbele zaidi, wakajaribu kulisha kuku na ng'ombe kwa fiwi na maharage hayo.

Kwa hiyo neno uendelevu, kwa namna linavyotumika kwenye maandiko ya miradi, limewekwa mahali pasipo pake. Tunauliza kama kisima kitadumu, kama matuta yatadumu, kama mashine itadumu. Mashine haitadumu, na matuta huenda yasihitajike tena miaka kumi ijayo. Kinachoweza kudumu ni mazoea ya mtu kujaribu, kupima na kumwonyesha jirani, na mazoea hayo hayaingii kwenye jedwali la vifaa vilivyokabidhiwa. Hapo ndipo naona vitu vya bure vinapofanya madhara yao makubwa. Mtu anayepewa mbegu, mbolea na posho ya kuhudhuria hajajaribu kitu chake; ametekeleza cha mwingine. Siku posho inapokatika hana alichokianzisha cha kukiendeleza.

Na San Martín mazoea hayo yalipitishwa kwenye moto ambao hakuna andiko la mradi lingeuweka kwenye sura ya vihatarishi. Guatemala ilikuwa vitani tangu mwaka 1960 hadi 1996. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jeshi lilipanda nyanda za juu na kumhesabu mkulima aliyejipanga kuwa ni mwasi. Chama cha ushirika, kikundi cha kusoma, mtu anayetembea kijiji hadi kijiji akifundisha mitaro: vyote vikawa ushahidi. Viongozi wa ushirika wa Chimaltenango waliuawa, wengine walitoweka, wengine walikimbia. Tume ya ukweli iliyotoa ripoti yake mwaka 1999 ilikadiria kwamba vita vile viliwaua au kuwapoteza watu zaidi ya 200,000, na miongoni mwa wahanga waliotambuliwa asilimia 83 walikuwa Wamaya. Sitaki takwimu hizo zipite hapa kama mapambo ya hadithi ya kilimo. Waliouawa ni pamoja na watu waliokuwa wamejifunza, kwa mikono yao, kwamba maskini anaweza kumfundisha maskini mwenzake, na waliowaua waliielewa nguvu ya jambo hilo kuliko wafadhili wengi.

Waliokimbia walibeba walichokijua. Baadhi walivuka kwenda Mexico, na kijijini Vicente Guerrero, jimbo la Tlaxcala, wakawafundisha wakulima wa kule. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, Wamexico hao nao wakaenda Nicaragua, wakaanzia Santa Lucía katika jimbo la Boaco, na mwaka 1987 chama cha wakulima na wafugaji cha nchi hiyo, UNAG, kikaanzisha programu yake ya mkulima kwa mkulima. Kutoka Nicaragua ikaruka bahari hadi Cuba. Chama cha wakulima wadogo cha kule, ANAP, kiliipokea mwaka 1997, na ndani ya miaka kama kumi ilikuwa imefikia familia zaidi ya 100,000. Fuata njia hiyo kwa kidole kwenye ramani: kutoka mlima mmoja wa Wakaqchikel, kupitia ukimbizi, nchi nne, na katika kila kituo aliyefundisha ni mkulima.

Mtihani mkubwa kuliko yote ulikuja mwishoni mwa Oktoba 1998. Kimbunga Mitch kiliinyeshea Amerika ya Kati kwa siku kadhaa mfululizo. Honduras peke yake ilizika watu zaidi ya 5,000, na vilima vizima viliteleza na kuingia mitoni. Mwaka uliofuata mtafiti Eric Holt-Giménez, akishirikiana na World Neighbors na mashirika 40, aliwapanga wakulima na mafundi katika vikundi 100 wapime walichokiacha Mitch. Walipima vipande 1,804 vya ardhi katika jamii 360 za Nicaragua, Honduras na Guatemala, viwili viwili: shamba la mkulima mwenye makinga maji, kingo za majani na mazao ya kufunika udongo, na shamba la jirani yake anayelima kikawaida, mteremko uleule na mvua ileile. Walipima kwa majembe, kamba na futi, na mwenye shamba la kawaida alikuwepo akishuhudia. Ni kipande kilekile cha majaribio cha San Martín, sasa kimekuzwa hadi nchi tatu.

Mashamba yaliyotunzwa yalikuwa na udongo wa juu zaidi kwa asilimia 20 hadi 40, unyevu zaidi, makorongo machache, na hasara ndogo ya fedha. Watu wengi huishia kunukuu hapo. Lakini vikundi vile viliandika pia palipofika mwisho wa uwezo. Kwenye miteremko mikali sana ambako Mitch alipiga kwa nguvu zote, tofauti ilififia. Na mara nyingi shamba zuri lilifukiwa na maporomoko yaliyoanzia juu yake, kwenye ardhi ya mtu mwingine iliyokatwa miti.

Hapo mkulima kwa mkulima hukutana na ukuta ambao jembe haliwezi kuuvunja. Mkulima wa Güinope anaweza kumshawishi jirani yake mwenye ekari mbili. Hana namna ya kumshawishi mwenye ranchi aliyeko mjini ambaye ng'ombe wake wamemaliza kilele cha mlima. Wapo pia wanaolima kwa kukodi, na hao ni wengi. Mwenye kukodi kwa msimu mmoja hachimbi mtaro wa kudumu, kwa sababu anajua kwamba udongo ukishanona mwenye shamba atapandisha kodi au atalichukua mwenyewe. Bei ya ardhi iliyopanda, ambayo ripoti ziliihesabu kuwa ni mafanikio, kwa aliyekodi ilikuwa ni habari mbaya. Na kwa miaka mingi waliotembea vijijini kufundisha walikuwa wengi wao wanaume, hata pale ambapo mwanamke ndiye aliyebaki na shamba mume alipoenda pwani.

Ripoti ya Mitch ilipomalizika, wakulima waliopima walitaka serikali za nchi tatu ziitumie katika kujenga upya. Fedha nyingi za ujenzi ziliishia kwenye barabara na madaraja. Wao walirudi mlimani kuzibua mitaro na kupanda upya kingo zilizochukuliwa na maji, na vipandikizi walivipata kwa majirani ambao majani yao yalikuwa hayajang'oka.